Ngozi ya Sufuria Kubwa

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mawingu mazito, baridi ya Julai, hakuna mvua.

Watu wanne walisimama katika karakana ya Nahashon, kando ya ukuta wa reli mtaani Kaloleni, wakimtazama akikata ukingo wa sufuria kwa msumeno wa chuma. Sufuria ilikuwa kubwa kiasi cha mtoto wa miaka minne kukaa ndani. Nahashon aliisubu mwenyewe, kwa kumimina alumini iliyoyeyushwa, miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya kikundi cha akina mama cha ukumbi wa mtaa. Ilikuwa imepikia matanga, harusi na, kila asubuhi ya shule, uji wa watoto wa chekechea iliyomo ukumbini.

Watoto saba wa chekechea hiyo sasa walikuwa na madini ya risasi katika damu. Wiki iliyotangulia maafisa wa afya walifika na kifaa cha mkono chenye umbo la bastola. Walikielekeza kwenye kuta, mabomba, midoli na vyombo. Kilipoelekezwa ndani ya sufuria kubwa, kilionyesha risasi. Maafisa walipiga marufuku sufuria hiyo, wakaahidi ripoti, wakaenda zao. Hawakusema risasi iliingiaje.

Mtaa ulijisemea wenyewe. Nahashon huyeyusha alumini chakavu. Betri mbili za gari, ambazo ndani huwa na risasi, zilikuwa zimeonekana uani mwake. Jumamosi saa mbili asubuhi wakazi wangekutana ukumbini kuamua kama tanuri lake livunjwe na yeye aondoke.

"Mwenyekiti, sogea karibu," Nahashon alisema bila kuinua kichwa. "Kesho nisiambiwe nimebadilisha kipande."

"Naona vizuri hapa nilipo," alijibu Dedan, mwenyekiti wa wakazi.

"Na wewe, Mama Ridhwan?"

"Mimi sijakuondolea macho tangu wiki jana, fundi," alisema Kadija. Mjukuu wake, Hikma, alikuwa mmoja wa wale watoto saba.

"Nimekwisha kuwaambia, betri zile zinaendesha feni ya tanuri stima ikipotea."

"Stima hupotea," alisema Rispa. "Lakini hupotea sana kwako."

Rispa ndiye aliyekuwa mtunza vyombo wa kikundi, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtaja Nahashon hadharani. Binti yake, Celine Okinyi, alisimama nyuma yake akiwa na bahasha mkononi. Celine alikuwa mtaalamu wa vifaa katika maabara ya leza ya chuo kimoja mjini. Yeye ndiye aliyependekeza kipimo cha pili.

Nahashon alisimamisha msumeno.

"Anayenishtaki ni Mama Celine. Anayepima ni Celine. Si mngeniletea na jaji kutoka jikoni kwao?"

"Ndiyo maana unakata mwenyewe," alisema Celine. "Kata kipande, kigawe mara mbili. Nusu moja ichukuliwe na mwenyekiti. Tutafunga bahasha zote mbili na kila mtu aweke sahihi juu ya gundi."

Nahashon alimaliza kukata, akagawa kipande, na kugonga alama yake ya N kwenye pembe ya kila nusu, upande wa ndani. Watu watano walitia sahihi. Hakuna aliyemuaga mwenzake kwa mkono.

Jumatano asubuhi Celine alifungua bahasha mbele ya Daktari Kweyu, mkuu wa maabara. Kweyu alikagua sahihi moja moja kama karani wa uhamiaji.

"Hii ya mwisho ni ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Na anayetuhumiwa?"

"Hii hapa."

"Na wewe unatoka nyumba gani katika vita hivi?" Kweyu alirudisha bahasha mezani. "Utapiga. Mimi nitakaa hapa hapa nikitazama."

Leza hiyo kwa kawaida ilichunguza tabaka nyembamba za vioo vya umeme wa jua. Ilitoa mwanga kwa mapigo, na kila pigo lilidumu pikosekunde kumi. Pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Katika muda wa pigo moja, mwanga wenyewe husafiri milimita tatu tu, yaani unene wa ukingo wa sufuria ile. Pigo likigusa chuma, punje ndogo sana ya chuma hugeuka cheche. Kila madini huwaka kwa rangi zake, na chombo cha kuchambua mwanga huzichora kama mistari kwenye skrini. Asiyejua huona michirizi. Celine aliisoma kama majina kwenye orodha.

Aliweka kipande, upande wa ndani ukiwa juu. Alichagua mahali kumi na kupiga mapigo matano kila mahali. Mistari ya alumini ilisimama mirefu. Kando yake, katika zambarau, ulisimama mstari wa risasi. Ulikuwepo mahali pote kumi.

Celine alitoa simu yake. Aliandika kwa mama yake: *Risasi ipo.*

"Unamwandikia nani?" Kweyu aliuliza.

"Nyumbani."

"Umepiga mapigo mangapi?"

"Matano kila mahali."

"Matano! Umegusa vumbi la mlangoni, tayari unatangaza kilichomo chumbani. Weka simu chini."

Celine aliiweka chini. Ujumbe ulikuwa haujaenda.

"Kile kifaa cha maafisa kilisema nini zaidi ya hapo?" Kweyu aliendelea. "Kinaona risasi, lakini hakijui iko juu au chini. Na leza yetu ya zamani, ile ya mapigo marefu, ingeyeyusha cha juu na kukichanganya na cha chini. Hii haifanyi hivyo. Pigo huisha kabla joto halijasambaa. Inamenya chuma ngozi baada ya ngozi. Una mashine ya kumenya, Celine. Menya."

Kila pigo liliondoa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Unene wa unywele mmoja ungehitaji mapigo mia saba. Celine aliweka hesabu ya mapigo mia mbili, mahali pale pale, na kuanza upya.

Kufikia pigo la ishirini, mstari wa risasi ulikuwa umepungua nusu. Kufikia la arobaini ulikuwa kivuli. Baada ya la sitini haukuwepo. Alihamia mahali pa pili, pa tatu, hadi pa kumi. Pengine risasi iliisha kwenye pigo la hamsini, pengine la sabini, lakini iliisha kila mahali. Kisha aligeuza kipande na kupiga kwenye makali yaliyokatwa na msumeno, katikati ya chuma chenyewe. Hapakuwa na risasi hata kidogo.

"Kwa hiyo hakuisubu nayo," Celine alisema.

"Chuma chake ni safi. Ngozi ndiyo chafu." Kweyu alivuta kiti. "Umeosha kipande hiki?"

"Hapana."

"Nani mwingine amekishika?"

"Uliona sahihi."

"Niliona sahihi. Sikuona mikono."

Akili ya Celine haikutulia. Nahashon asingejipaka ushahidi mwenyewe. Basi ni nani aliyetaka aonekane na hatia? Dedan alikuwa amesema mara mbili mwaka huo kwamba uwanja wa karakana ungefaa vibanda vya biashara. Sufuria ililala ukumbini, na funguo za ukumbi zilikuwa kwa Dedan. Mama yake mwenyewe alikuwa amelalamikia moshi wa tanuri kwa miaka. Kadija alipika uji huo kwa zamu, akiutia ukwaju ili uwe mchachu, na uchachu hung'oa madini kutoka kwenye chombo. Kila jina alilolifikiria lilimkalia vizuri. Jambo hilo lilimtisha.

"Piga upande wa nje," alisema Kweyu.

Upande wa nje ulikuwa na risasi mara tatu ya ule wa ndani. Sasa Celine aliona kitu kingine. Mstari wa silikoni ulikuwa mrefu juu ya ngozi, nao ulishuka pamoja na wa risasi, pigo kwa pigo, hadi ukabaki kile kiasi kidogo ambacho ni cha kawaida katika alumini ya kusubu. Alirudia picha za upande wa ndani. Ilikuwa vivyo hivyo.

"Silikoni na risasi zinatembea pamoja," Kweyu alisema. "Silikoni nyingi hivyo juu ya sufuria ni nini?"

"Mchanga," alisema Celine.

Kila mwanamke wa Kaloleni aliyewahi kupikia watu wengi alijua kazi ya mchanga. Kabla ya sufuria kutelekwa kwenye kuni, hupakwa tope nje ili masizi yasishike. Baada ya kupika, husuguliwa kwa mchanga ndani na nje hadi ing'ae. Alumini ni laini. Punje za mchanga huingia na kubaki. Na hakuna aliyesugua kama Rispa. Sufuria zake zilipangwa ukumbini zikiwa zimefudikizwa, ili kila aingiaye aone kwanza mng'aro wake.

Celine alichukua simu, akafuta ujumbe.

Alhamisi, saa kumi jioni, alimkuta mama yake kwenye bomba la uani, amepiga magoti mbele ya sufuria ndogo. Pembeni palikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa mchanga mweusi, laini kama unga wa kahawa.

"Mama, mchanga huu unatoka wapi?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Wewe? Tangu uzaliwe hujawahi kuuliza tu." Rispa aliendelea kusugua. "Mukuru kwa Reuben. Yule muuza mboga anayeitwa Wangu hunichotea. Tangu Januari. Ule wa mtoni ulikuwa na matope. Huu tazama mwenyewe."

Aligeuza sufuria. Celine aliona uso wake mwenyewe ndani yake, umevimba kama wa mtu mwingine.

"Mukuru sehemu gani?"

"Kuna uwanja mtupu. Zamani watu fulani walikuwa wakipasua betri hapo, lakini walihama. Hata nyasi haioti. Ndiyo maana mchanga ni msafi."

Celine alichota kijiko kimoja cha mchanga na kukitia katika mfuko wa plastiki. Rispa aliacha kusugua.

"Unampelekea nani?"

"Daktari Kweyu."

"Umetumwa na Nahashon."

"Mama, sijatumwa na mtu."

"Mtu asiyetumwa hachoti mchanga wa mamake kwa kijiko kama mwizi wa sukari." Rispa alivuta mkebe karibu na goti lake. "Nenda. Lakini ujue nimekuona."

Ijumaa Celine aliugandamiza mchanga ukawa kidonge kigumu, akakiweka chini ya leza. Hakuhitaji mahali kumi. Mstari wa risasi ulipanda hadi juu ya skrini na kukatika. Kweyu aliuangalia, kisha akamwangalia yeye.

"Tutatuma matokeo haya kwa maafisa wa afya leo. Uwanja ule lazima ufungwe," alisema. "Ripoti yao itachukua wiki mbili. Kwenye mkutano usiende. Kazi yako imeishia hapa."

"Tanuri litavunjwa kesho."

"Na ukienda utasema mchanga ni wa nani?"

Jioni hiyo Celine aliweka karatasi ya matokeo mezani, nyumbani. Alieleza kila kitu, kuanzia pigo la kwanza hadi kidonge. Rispa alisikiliza akiwa amekunja mikono. Hakuigusa karatasi.

"Ripoti ya serikali inatoka lini?"

"Wiki mbili."

"Basi kesho si yako. Waache wenye kazi yao waseme."

"Wiki mbili zijazo Nahashon hatakuwepo."

"Atajenga kwingine. Ana mikono." Sauti ya Rispa ilipungua. "Mimi nikiitwa mwuaji wa watoto, nitajenga wapi?"

"Yeye anaitwa hivyo sasa hivi, Mama. Kila akipita."

Rispa aliinuka, akaenda chumbani. Celine alisikia kitanda kikilia.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa mbili. Sufuria za kikundi zilikuwa ukutani, zimefudikizwa, zinang'aa. Ile kubwa yenye ukingo uliokatwa iliwekwa peke yake mbele. Nahashon alikaa karibu na mlango, mikono juu ya magoti. Rispa alikaa safu ya pili na wenzake.

Dedan alimpa Celine nafasi. Alizungumza kwa dakika sita. Alisema kwamba chuma cha Nahashon hakina risasi. Alisema kwamba risasi iko katika ngozi ya sufuria pekee, ndani na nje, na kwamba imeingia pamoja na mchanga.

Minong'ono ilianza nyuma, ikasonga mbele.

"Hizo ni story za jaba, za watafuna miraa!" kijana mmoja alipaza sauti.

"Juzi alikuwa upande wetu. Amepewa kitu kidogo."

"Mwanga unamenya chuma? Umenye viazi basi, tupike!"

Watu walicheka. Dedan aligonga meza. "Nusu yangu ya kipande ninayo kwenye bahasha," alisema. "Nani ataniambia hiyo mashine haikuguswa?"

"Ipeleke maabara nyingine yoyote," Celine alijibu. "Uipeleke mwenyewe."

Kadija alisimama. Hakucheka, na ukumbi ulinyamaza kwa ajili yake.

"Binti Okinyi, mjukuu wangu anachomwa sindano kila wiki. Mimi sina haja na mwanga wala cheche. Umesema mchanga. Mchanga wa nani?"

Celine aliangalia karatasi yake. Jibu halikuwa limeandikwa humo. Alihisi macho ya mama yake bila kuyatazama.

"Wa mama yangu," alisema. "Mchanga mweusi, kutoka uwanja wa betri Mukuru. Ameutumia tangu Januari. Hakujua."

Wanawake wawili waliokaa kando ya Rispa walisogea, kidogo tu, kila mmoja upande wake. Rispa hakuinama wala hakukana. Alimtazama binti yake kama anayemtazama fundi aliyeleta kazi mlangoni.

"Uliipiga mara ngapi?" aliuliza.

"Mia mbili, kila mahali."

"Na risasi iliisha ya ngapi?"

"Ya sitini, Mama. Hapa na pale sabini."

"Kwa hiyo chini ya hapo chuma ni kizuri."

"Ni kizuri."

Rispa aligeuka hadi akamwona Nahashon mlangoni. "Umesikia, fundi," alisema. "Nilisema uongo juu yako. Mbele ya watu hawa hawa."

"Nimesikia," alisema Nahashon. "Sasa mnataka nishukuru?"

Kadija alikuwa bado amesimama. Uso wake ulibadilika polepole, kama wa mtu anayehesabu siku.

"Mama Celine," alisema. "Ule mkebe ulionigawia kabla ya Ramadhani. Ni mchanga ule ule?"

"Ule ule."

"Nimesugulia sufuria zangu zote. Na kikombe cha bati cha Hikma."

Mwanamke mwingine alisimama safu ya nyuma. Kisha wa tatu. Kwa miezi sita mtaa mzima ulikuwa ukiomba mchanga wa Rispa, kiganja kwa kiganja, kila mmoja akitaka mng'aro kama wa ukumbini. Sasa kila mmoja alimtazama mwenzake, akijiuliza huyu alichota kiasi gani, na yeye mwenyewe amekula nyumbani kwa nani. Dedan aliwaita wapige kura. Mke wake alikuwa wa kwanza kutoka, na alitoka mbio. Saa tatu kasorobo viti vilikuwa vitupu, na hapakuwa na watu wa kutosha kuamua jambo lolote.

Dedan aliandika katika daftari kwamba mkutano umeahirishwa, kisha akaipeleka bahasha yake katika maabara nyingine, kwa sababu bado hakuamini.

Kadija alifunga sufuria zake na kikombe cha bati katika kanga, akazipeleka kliniki pamoja na Hikma.

Wangu aliacha kuuza mboga kwa siku mbili, akawaonyesha maafisa wa afya ule uwanja na ukuta uliouzunguka.

Daktari Kweyu aliomba sufuria kumi nyingine kutoka Kaloleni, kila moja katika bahasha au gunia lenye sahihi.

Nahashon alirudi karakana, akatoa betri zake mbili nje ya lango ambapo kila mpita njia angeziona zikiendesha feni, na hakumsalimu mtu hadi Jumatano.

Rispa alikwenda nyumba kwa nyumba na mfuko wa plastiki mzito, akikusanya mchanga wake. Katika nyumba tisa hawakumfungulia.

Celine alitembea nyuma yake, akiandika majina ya waliofungua.